Kwa Nini Nyigu Huuma?

Huenda jambo hili limewahi kukupata. Umeinama unapalilia migomba. Jembe linagusa jani kavu linaloning'inia. Mara nyigu wanakuvamia usoni. Unatupa jembe na kukimbia. Unasema, "Wadudu hawa wananichukia!"

Nyigu hakuchukii. Akiwa peke yake kwenye ua au penye maji, hana haja nawe. Anauma anapoona kiota chake kiko hatarini. Ndani yake mna mayai na watoto wasioweza kuruka. Kiota hicho amekijenga kwa kazi kubwa. Hukwangua mti mkavu, huutafuna pamoja na mate, kisha hutengeneza vijumba vidogo vinavyofanana na karatasi. Hukitundika chini ya jani, kichakani, au chini ya paa la nyumba.

Kinachomshtua sana ni mtikisiko. Tawi likitikiswa, anajua adui amefika. Mara nyingi hutoa onyo kwanza. Husimama juu ya kiota, huinua mabawa na kukuelekea. Ukiona hivyo, acha kazi. Rudi nyuma polepole. Usimponde, kwa sababu sumu ya nyigu wa aina nyingi ina harufu inayowaita wenzake. Wakikwisha kuanza kuuma, usipigane nao. Funika uso, kimbia mbali au ingia ndani.

Nyuki akiuma huacha mwiba mwilini mwako, naye hufa. Nyigu hauachi mwiba wake. Mmoja anaweza kukuchoma mara nyingi.

Je, tuviharibu viota vyote? Hapana. Nyigu huwinda viwavi wanaokula mboga zetu, akawalisha watoto wake. Kiota kilicho pembeni mwa shamba kiache. Kilicho karibu na mlango au njia ya watoto kiondolewe usiku na mtu mzima mwenye uzoefu, aliyejifunika mwili mzima. Asitumie moto. Nyumba ya makuti huungua upesi kuliko kiota.

Ukiumwa, osha mahali hapo kwa maji na sabuni. Weka kitambaa chenye maji baridi. Vua pete kabla kidole hakijavimba.

Lakini wapo watu ambao miili yao haiistahimili sumu hii. Hata nyigu mmoja anaweza kuwaua. Dakika chache baada ya kuumwa, midomo au ulimi huvimba. Vipele huota mwili mzima. Pumzi hubana, na mtu huona kizunguzungu. Msingoje kuona kama atapata nafuu. Tafuteni chombo chochote, mpelekeni zahanati au hospitali saa ile ile. Asitembee mwenyewe. Mlazeni, lakini kama anahema kwa shida mketisheni. Anahitaji sindano ya adrenalini haraka. Pia mpelekeni aliyeumwa mdomoni au kooni, na mtoto aliyeumwa mara nyingi.

Aliyepatwa na hali hii mara moja anaweza kupatwa tena. Nyumbani kwake kisiachwe kiota hata kimoja.