Mbuyu wa makaburini: kabla hujaushikia shoka

Juzi niliitwa Boko na kijana aliyenunua nusu eka ya kulima mboga. Mpakani kuna makaburi ya ukoo wa waliomuuzia, na mbuyu mkubwa umesimama hapo. Akaniuliza, "Afisa, nikiuangusha huu napata matuta mangapi?" Nikamwambia, twende kwanza Kunduchi, si mbali.

Pale Kunduchi kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya karne ya 18, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe. Mengine yana nguzo zilizopachikwa vyombo vya kauri kutoka China. Mji wa zamani umebaki magofu, lakini mibuyu ipo. Makaburini watu hawalimi wala hawachomi mkaa, hivyo mti unapata muda wa kuzeeka. Hata misitu ya kaya za Wamijikenda, pwani ya Kenya, imetunzwa na heshima ya namna hiyo, na mwaka 2008 iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Sasa tuje kwenye biashara. Mbuyu wa mbegu unaweza kuchukua zaidi ya miaka 10 kuzaa, na si kila mbuyu unazaa vizuri. Huo mkongwe unaozaa kila msimu ndio mti mama wako. Fanya hivi:

1. Ongea na wenye makaburi na serikali ya mtaa kabla ya kuokota hata tunda moja.
2. Mbegu ina ganda gumu. Imwagie maji ya moto, iache humo siku nzima, kisha panda kwenye viriba virefu maana mzizi unashuka haraka.
3. Miche ikikomaa, ibebeshe kwa vikonyo vya mti mama. Itawahi kuzaa kuliko ya mbegu tupu.
4. Usilime kwa trekta karibu na shina. Mizizi ya mbuyu mkubwa inatambaa juu juu na kwenda mbali.
5. Mizinga usiweke hapo. Nyuki watawavuruga watu siku ya mazishi.

Yule kijana kapoteza matuta machache tu. Chini ya kivuli, upande wake wa mpaka, kaweka kitalu cha miche, na wale wazee wa ukoo wamemruhusu kuokota ubuyu. Angeukata, angebaki na kisiki na ugomvi na majirani.

Tukutane shambani.