Mapigo ya Gelai

Anayengoja kichwa cha treni ya mvuke kando ya reli asitangulize macho; atangulize sikio. Dizeli hunguruma mfululizo, lakini mvuke hupumua. Pistoni ikimaliza mwendo wake, mvuke uliokwisha kazi hutoka kwa kishindo kupitia bomba la moshi. Kichwa cha kawaida chenye silinda mbili hupiga mara nne kila magurudumu yazungukapo, na mwenye subira huweza kuhesabu.

Mount Gelai, kichwa nambari 5918 kilichohifadhiwa Makumbusho ya Reli ya Nairobi, hakihesabiki hivyo. Ni cha aina ya Garratt: boila moja nene limening'inizwa katikati, na mbele na nyuma yake kuna injini kamili, kila moja na silinda na magurudumu yake. Zote mbili hunywa mvuke wa boila hilo na kutolea pumzi bomba lile lile, ila hakuna chuma kinachozilazimisha kwenda sambamba. Gurudumu la mbele likiteleza kidogo, au likiwa limelika kuliko la nyuma, mapigo huachana. Mlimani utasikia manne mazito yakipasuka polepole kuwa manane, yakifukuzana kama ngoma za wapigaji wawili wasiotazamana, kisha yakikutana tena. Hakuna sauti nyingine ya reli inigusayo hivyo.

Beyer, Peacock ya Manchester iliunda vichwa 34 vya daraja hili la 59 kuanzia 1955, vikapewa majina ya milima. Mlima Gelai uko kando ya Ziwa Natron, Tanzania. Kila kimoja kilikuwa na tani 252, uzito uliogawanywa juu ya magurudumu 28 ili reli ya upana wa mita moja iubebe. Kazi yao kubwa ilikuwa kuvuta shehena kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Baadaye Gelai kilifufuliwa, kikarudi reli kuu kwa safari maalumu.

Basi mtazamaji husimama penye mwinuko wa njia hiyo, kama Mazeras. Kwenye mteremko dereva hufunga mvuke, na jitu lile hupita karibu kimya. Likipanda, boila linapokufikia joto hukupiga usoni pamoja na harufu ya mafuta mazito, maana halichomi kuni wala makaa. Ukiona ghafla moshi mweusi tii, usidhani limeharibika: fayamani, mtunza moto, ametupa mchanga tanuruni, nao unavutwa ndani ya mirija ya boila ukikwangua masizi.