Mji Unaosimuliwa



Je, umewahi kusimuliwa habari za mji usioufahamu? Huenda msimulizi alikuwa dereva wa lori, au mwanao aliyerudi likizo. Yeye alisema, nawe ukauona mji ule kichwani mwako. Lakini mji wa kichwani hauwi sawasawa na mji wenyewe. Katika somo hili tutajifunza namna ya kupima habari kama hizo.

MSAFIRI NA MFALME

Miaka 750 hivi iliyopita, mfalme Kublai Khan alitawala Uchina na nchi nyingine nyingi. Dola yake ilikuwa kubwa mno. Hakuweza kuizunguka yote, kwa hiyo aliwategemea wajumbe. Mmoja wa watu waliomtumikia alikuwa Marco Polo, kijana kutoka Venice, nchini Italia. Kitabu cha safari zake kinasema kwamba mfalme alichoshwa na wajumbe waliorudi na habari za kazi waliyotumwa tu. Alitaka kujua watu wa huko wanaishije. Marco Polo aliyaangalia mambo hayo, akamsimulia.

Kitabu hicho kinaitaja pia Zanzibar. Kinasema ni kisiwa chenye mzunguko wa maili 2,000. Sisi tunajua kwamba kisiwa cha Unguja hakifiki hata kilometa 100 kwa urefu. Kosa lilitoka wapi? Marco Polo hakufika Zanzibar. Alieleza aliyoyasikia kwa wengine.

Msafiri mwingine, Ibn Battuta wa Moroko, alifika Kilwa mwenyewe mwaka 1331. Aliusifu sana mji huo. Habari zake ziliandikwa kwa amri ya sultani wa Moroko, zikakamilika mwaka 1355, yaani miaka 24 baadaye. Kitabu chake kinasema Kilwa ilijengwa kwa miti. Lakini Msikiti Mkuu wa Kilwa ulikuwa na kuta za mawe hata kabla hajafika. Magofu yake yapo hadi leo. Basi hata habari za aliyeona kwa macho zinahitaji kupimwa.

MJI WA KWENYE RAMANI

Upo pia mji unaosimuliwa kabla haujajengwa. Watu wa Dodoma wanaujua mji wa namna hiyo. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya Serikali yahamie Dodoma. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana kama CDA. Mwaka 1976 wataalamu kutoka Kanada walikamilisha mpango wa mji mpya. Mpango ulieleza mji ambamo watu wangekwenda kazini kwa miguu, kwa baiskeli na kwa basi.

Ilitarajiwa kwamba kuhama kungechukua miaka 10. Lakini fedha zilikuwa haba, na kazi ikachelewa. Serikali ilianza kuhamia kwa wingi mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji.

MAJI YA MAKUTUPORA

Mji wa kwenye ramani haunywi maji. Mji wa watu hunywa kila siku. Kwa miaka mingi maji mengi ya Dodoma yametoka katika visima virefu vya hapa Makutupora. Maji hayo yamo chini ya ardhi, katika nyufa za miamba.

Maji haya hayaongezeki kila mwaka. Vipimo vilivyochukuliwa tangu miaka ya 1950 vinaonyesha kwamba hupanda hasa katika miaka michache ya mvua kubwa, kama ile ya 1997/98. Miaka mingine hushuka, huku pampu zikiendelea kuvuta. Kwa hiyo jiji likikua, jambo hilo linakuhusu na wewe uliye kijijini.

MUULIZE MSIMULIZI

Mtu akikusimulia habari za mahali, muulize:

1. Umeona mwenyewe, au umesikia?
2. Ulifika huko lini?
3. Kama ni mpango, maji na fedha zitatoka wapi? Na watu waliopo sasa wataishi na kulima wapi?

Mtaalamu akileta ramani kwenye mkutano wa kijiji, usinyamaze kwa kuwa hujazoea kusoma ramani. Mwombe kwanza akuonyeshe kisima chenu, shamba lako na njia ya ng'ombe. Kama havimo, mwambie avitie. Mfalme Kublai Khan alitegemea macho ya wajumbe. Wewe unaishi mahali penyewe, na unapafahamu. Kuuliza si ujinga.

ZUNGUMZENI DARASANI

1. Kwa nini Marco Polo alikosea habari za Zanzibar?
2. Kwa nini maji ya Makutupora hayaongezeki kila mwaka?
3. Chora ramani ya kijiji chako. Umeanza na kitu gani, na kwa nini?