Kumwamini Mtunza Sanduku: Waajiri wa Baraka na Historia ya Fedha ya Mwombaji Kazi

Kuchunguza historia ya kifedha ya mwombaji kazi ni kutafuta kujua, kabla ya mtu kukabidhiwa sanduku la fedha au ghala, kama aliwahi kuhukumiwa kwa wizi au kughushi, kama hulipa madeni yake, na kama aliacha hesabu safi alikofanya kazi. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1970, kama ilivyorekebishwa baadaye, inamlazimu mwajiri anayetaka taarifa za mikopo ya mwombaji kupata kwanza idhini yake ya maandishi, na kumpa nakala ya taarifa hizo kabla ya kumnyima kazi kwa sababu ya yaliyomo.

Lakini katika eneo la Fizi na mji wa Baraka, mkoani Kivu Kusini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kumbukumbu za namna hiyo ni haba. Benki Kuu ya Kongo inakusanya taarifa za mikopo, lakini huzikusanya kwa ajili ya benki na taasisi za mikopo, wala si kwa waajiri; tena wakazi wengi huweka na kukopa fedha katika vikundi vya akiba vya kijijini, vijulikanavyo kama AVEC, ambavyo hesabu yake hubaki ndani ya daftari la kikundi. Zaidi ya hayo, vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwakimbiza maelfu ya watu kuvuka Ziwa Tanganyika hadi kambi za Kigoma nchini Tanzania, kama Nyarugusu, na wengi waliorejea kuanzia mwaka 2005 hawakuwa na karatasi yoyote ya maisha yao ya awali.

Kwa hiyo mashirika ya misaada, ambayo ni waajiri wakubwa mjini Baraka, hutegemea zaidi maneno ya watu. Mwombaji huombwa majina ya wasimamizi wake wa zamani, ambao hupigiwa simu, na huenda akatakiwa kuleta cheti cha mwenendo mwema pamoja na casier judiciaire, yaani hati inayoonyesha kama mtu amewahi kuhukumiwa. Mashirika mengi, kwa masharti ya wafadhili, hulinganisha pia jina lake na orodha za watu waliowekewa vikwazo na Umoja wa Mataifa. Hapo kufanana kwa majina kunaweza kumchelewesha asiye na hatia, hasa ikiwa tarehe yake ya kuzaliwa haikuandikwa popote.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye simu ile, kwa sababu msimamizi mwenye kinyongo anaweza kusema kwamba fulani “alikula pesa” bila kuonyesha ripoti ya ukaguzi, na mwombaji asijue kamwe kwa nini hakuitwa. Ni dhuluma vilevile kuchanganya deni na wizi: aliyekopa ili alipie matibabu ya mtoto au karo, akachelewa kulipa kwa sababu mshahara haukufika, hajaiba chochote. Fedha za shirika hulindwa vizuri zaidi na saini mbili kwenye kila malipo na hesabu ya sanduku inayofanywa mara kwa mara bila taarifa.

Kanuni ya Dijitali ya Kongo, ya tarehe 13 Machi 2023, inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake zinazohifadhiwa na kutaka zisahihishwe. Kwa mwombaji wa Baraka haki hiyo ingekuwa na maana kama angeambiwa waziwazi shutuma iliyotolewa dhidi yake, akapewa siku chache za kuleta risiti zake au shahidi aliyehesabu naye fedha siku ya makabidhiano.