Motokaa Kuukuu Yenye Tabo Ikikosa Nguvu: Pima Presha ya Petroli Kwanza

Watu wengi wanazo motokaa kuukuu zenye tabo, kama vile Subaru Impreza na Forester za miaka ya 1990. Motokaa hizi zina nguvu, lakini zikizeeka hupatwa na ugonjwa mmoja unaowapotezea wenyewe fedha nyingi. Motokaa hutembea vizuri katika tambarare, bali ikipanda mlima, kama ule wa kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru, hushtukashtuka na kukosa nguvu. Mwenyewe hununua pampu mpya ya petroli, na ugonjwa hauponi. Makala haya yaeleza jinsi ya kujua kosa liko wapi kabla ya kununua kitu.

Tabo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini, na kazi yake ni kusukumiza hewa nyingi ndani ya silinda. Hewa ikiongezeka, petroli nayo sharti iongezeke. Petroli isipotosha, joto huzidi, injini hugonga, na pistoni yaweza kupasuka au kuyeyuka. Kwa hiyo, injini ikishtuka au kugonga mlimani, punguza mafuta mara moja, usishindane nayo.

Msukumo wa petroli, ambao mafundi huuita presha, huongozwa na kifaa kiitwacho regyuleta. Mpira mwembamba huiunganisha na njia ya hewa ya injini, ili presha ipande na kushuka pamoja na hewa. Katika motokaa nyingi za aina hii, mpira huo ukichomolewa na kuzibwa wakati injini inanguruma polepole, geji huonyesha karibu ratili 43 kwa inchi moja ya mraba, yaani ba 3. Ratili hizo ndizo zenye alama ya PSI katika geji. Mpira ukirudishwa, presha hushuka mpaka 35 hivi. Tabo ikisukuma ratili 10 za hewa, petroli nayo yapasa kufika karibu 53. Hata hivyo, tazama kitabu cha motokaa yako, maana hesabu huweza kutofautiana.

Kabla ya kufunga geji, acha injini ipoe. Toa fyuzi ya pampu, kisha washa injini mpaka izimike yenyewe, ili presha ipungue. Pasiwe na sigara wala moto karibu, na kizima moto kiwe tayari. Funga geji kati ya chujio na injini, kaza vibanio, rudisha fyuzi, na uangalie kama petroli inavuja. Kisha soma hivi:

Kwanza, chomoa mpira mwembamba wa regyuleta. Ukiwa na petroli ndani, utando wa regyuleta umepasuka, regyuleta ibadilishwe.

Pili, presha ikiwa ndogo wakati wote, minya kidogo mpira wa kurudishia petroli tangini, kama bado ni mzima. Presha ikipanda upesi, pampu ina nguvu, na regyuleta ndiyo inayovujisha. Isipopanda, kosa liko katika chujio, pampu au nyaya zake.

Tatu, presha ikiwa nzuri motokaa isimamapo lakini ikaanguka mlimani, petroli haifiki ya kutosha. Badilisha chujio, kisha pima umeme penye pampu injini ikiwaka. Betri ikionyesha volti 13.5 na pampu ikapata 11 tu, waya au rilei ni mbovu, na pampu mpya haitasaidia. Katika jaribio hili la barabarani, geji ifungwe nje ya kioo cha mbele, kamwe isiingizwe ndani, na asiyeendesha ndiye aisome.

Nne, presha isipopanda wala kuanguka tabo ifanyapo kazi, mpira mwembamba umepasuka au umechomoka. Mpira huo ni kitu kidogo, lakini waweza kuiua injini nzima.

Mambo haya yote hupatikana kwa geji moja na muda wa asubuhi moja. Basi fundi akikuambia, "Nunua pampu," mwulize kwa adabu, "Geji imesema nini?" Asipokuwa na jibu, fedha zako zikae mfukoni kwanza.