Nasaba ya Bunduki Kongwe katika Nyanda za Kati

Katika nchi ya Ugogo, na pande za Kondoa, Mpwapwa na Kilimatinde, bunduki yoyote yenye kutu, ikiteremshwa darini kwa marehemu babu au ikifukuliwa na jembe shambani, aghalabu huitwa bunduki ya Mjerumani, hata kama silaha yenyewe haikupata kuiona nchi ya Ujerumani. Watu hawakosi sababu ya kunena hivyo, maana Wajerumani walijenga boma Mpwapwa mwaka 1889, na kumbukumbu ya askari wao haijafutika. Walakini chuma nacho kina ushahidi wake, na mwenye kutaka kuijua nasaba ya bunduki hana budi kukitazama chuma kwanza, ndipo ayasikilize masimulizi.

Kongwe kuliko zote ni zile za kushindiliwa kwa mdeki, gobore na korofindo, zilizopanda bara na misafara ya pwani kupitia Ugogo, ambako watemi walitoza hongo kwa kila mzigo uliopita. Mapatano ya Brussels ya mwaka 1890 yalizuia biashara ya bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, yakaziachia zile za gumegume, na kwa hiyo silaha ambazo Ulaya zilikwisha tupwa ziliendelea kuuzwa huku. Ukiona taji na neno TOWER juu ya mtambo, usifanye haraka kusema kuwa ni kazi ya Waingereza, kwa kuwa mafundi wa Liège, katika nchi ya Ubelgiji, walijua kuwa neno hilo lina soko, wakalichonga wao pia bila ya haya. Kitakachowaumbua ni alama ndogo ya majaribio karibu na kitako cha mtutu: duara la yai lenye herufi ELG na nyota chini yake. Alama hiyo ikiwa na taji juu, mtutu ulipimwa baada ya mwaka 1893, kwani hapo ndipo taji lilipoongezwa.

Baada ya hizo ndipo zikaja bunduki za jeshi hasa. Askari wa Kijerumani walibeba Mauser ya mwaka 1871, yenye kutia risasi moja moja ya milimita 11, na baruti yake ilitoa moshi mzito uliomfichua mpigaji. Na vita vilipoanza mwaka 1914, kombania nyingi za askari zilikuwa bado nayo, chache tu zikiwa zimepata ile ya mwaka 1898 isiyotoa moshi. Ya kwanza hutambulikana kwa maandishi ya Kigothi, Mod. 71, ubavuni mwa chemba. Ya pili huandikwa juu ya chemba jina la kiwanda, mathalan Spandau, Erfurt, Danzig, Amberg au Oberndorf, na mwaka chini yake. Hapa napo pana mtego, maana Mauser ya 1871 haikutengenezwa Ujerumani peke yake: serikali ya Prussia iliagiza nyingine kutoka Steyr katika Austria, na nyingine kutoka Birmingham, Uingereza, hata ikawezekana askari wa Kaisari kubeba silaha iliyofuliwa na Mwingereza.

Bunduki ya Kiingereza, Lee-Enfield, ni nyepesi kusomeka kuliko hizo. Tazama upande wa kulia, pale chuma kinapokutana na kitako: utakuta taji, herufi za mfalme, kiwanda na mwaka. V.R. ni Malkia Victoria, E.R. ni Edward wa Saba, na G.R. ni George; ikiwa ni G.R.I. na neno ISHAPORE, basi ilitoka India, ambako George alikuwa mfalme mkuu. Mshale mpana uliogongwa popote pale ni alama ya mali ya serikali, na mishale miwili iliyoelekezana ncha kwa ncha ni dalili kuwa serikali imekwisha iuza.

Khasa katika nambari ndipo penye elimu kubwa. Mjerumani aliandika nambari kamili juu ya vipande vikubwa, na tarakimu mbili za mwisho juu ya vidogo, hata juu ya parafujo, ili fundi akilegeza bunduki kumi pamoja aweze kukirudisha kila kipande kwa mwenziwe, kama mfugaji wa Kigogo anavyomtambua ng'ombe wake kwa mkato wa sikio. Mwingereza naye alirudia nambari juu ya chemba, komeo, shabaha ya nyuma na chuma cha mdomoni. Tarakimu zisipoafikiana, kipande kimebadilishwa. Na ukiona nambari ya kale imepigwa mstari na mpya kugongwa kando yake, ujue ni karakana ya jeshi iliyofanya kazi hiyo kwa utaratibu. Kitako nacho kina habari zake: cha Ulaya aghalabu ni mti wa mjozi, na kikiwa cha mninga, hapana shaka kilichongwa huku huku.

Wakusanyaji wa Ulaya huidharau bunduki ambayo nambari zake hazilingani, na bei yake hushuka. Mimi naona kuwa kwa nchi hii rai hiyo haifai, kwa sababu silaha iliyopita vita vya hapa ikabaki na vipande vyake vyote vya kiwandani ndiyo ya kutiliwa shaka. Waingereza waliwazuia Wajerumani njia ya bahari, vipuri visifike ila kwa meli chache zilizopenya, na jeshi likaishi kwa kuteka. Novemba 1914, baada ya mapigano ya Tanga, Wajerumani walipata bunduki za kisasa za adui za kutosha kombania tatu. Mei 1916 walipigana na Waafrika Kusini huko Kondoa, na tarehe 29 Julai mwaka ule ule Dodoma ikatwaliwa. Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora. Hivyo silaha za mataifa matatu zilipita katika nyanda hizi ndani ya miezi michache, na zilizoanguka njiani hazikukosa wa kuziokota. Na Jenerali von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi hilo la Kijerumani, alipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, kwa hesabu yake mwenyewe bunduki alizokabidhi zilikuwa 1,071, za Kiingereza na Kireno! Basi mzee anayeonyesha bunduki yenye taji la mfalme George akisema ni ya Mjerumani, huenda asiwe mwongo hata kidogo. Hata ya Mreno hupotosha, kwani mojawapo ya zile alizotumia zama hizo, ya mwaka 1904, ilitengenezwa Berlin, ikatiwa muhuri wa mfalme Carlos.

Tena kuna magobore ya wahunzi wetu, ambayo mtutu wake huweza kuwa bomba la maji tu, na mtambo wake umetolewa katika silaha ya karne nyingine. Humo alama moja ya Liège haithibitishi ila kipande kile kile kilichogongwa.

Mwenye kuikuta silaha ya namna hii asiichokoe, maana gobore la kale huweza kuwa limeshindiliwa hata sasa. Aiache mahali pake, na awape polisi habari, kwa kuwa sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kukaa nayo pasipo leseni. Wala asiipige msasa ili ing'ae, kwa kuwa alama za majaribio hazina kina, na msasa wa dakika chache huondoa kilichosalimika na kutu ya miaka mia. Akiruhusiwa kuikagua mbele ya wenye mamlaka, na anakili kila herufi na tarakimu kama ilivyo, na mahali ilipo, pamoja na zile zilizopigwa mstari.