Ujerumani Yazeeka: Vijana Wetu Wajue Nini?

Kijana akikuambia kwamba Ujerumani inatafuta wafanyakazi, hasemi uongo. Tangu mwaka 1972, kila mwaka wanaokufa nchini humo wamekuwa wengi kuliko wanaozaliwa. Zaidi ya mtu mmoja kati ya watano ametimiza miaka 65. Wazee wanaohitaji pensheni na matunzo wanaongezeka, na vijana wa kufanya kazi na kuchangia hawatoshi.

Hii si mara ya kwanza. Mwaka 1955 Ujerumani Magharibi ilitia saini mkataba na Italia, na mwaka 1961 na Uturuki, ili kupata wafanyakazi wa viwandani. Ilidhaniwa kwamba watarudi kwao. Uajiri huo uliposimamishwa mwaka 1973, wengi walibaki na kuleta familia zao, ingawa serikali haikuwa imejiandaa kuwapokea kama wakazi.

Sera ya sasa inachagua. Sheria iliyoanza kutumika Machi 2020 na kurekebishwa mwaka 2023 inawalenga wenye ujuzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya. Muuguzi, kwa mfano, lazima cheti chake kitambuliwe, na kwa kawaida hutakiwa kujua Kijerumani kwa kiwango cha B2. Asiye na taaluma anaweza kuomba mafunzo ya kazi ya takriban miaka mitatu, huku akilipwa.

Mnamo tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji. Uvumi ukaenea kwamba Wakenya 250,000 wataajiriwa. Serikali ya Ujerumani ilikanusha: mkataba hautaji idadi yoyote. Aidha, unahusu pia kuwarudisha Wakenya wasio na haki ya kukaa huko.

Upo upande mwingine. Nesi akiondoka, zahanati ya kijiji hupungukiwa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa uajiri mwaka 2010. Orodha yake ya mwaka 2023 ilitaja nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, zikiwemo Tanzania na Uganda.

Basi, kamati za parokia, kabla familia haijauza shamba kumlipa wakala, ulizeni: Mkataba wa kazi uko wapi, na umeandikwa kwa lugha gani? Cheti kitatambuliwa? Kijerumani amefikia kiwango gani? Nanyi wafadhili, mnapogharimia masomo ya lugha kwa anayeondoka, mkumbukeni pia nesi anayebaki.